Transfoma Iliyotutangulia

Mara ya kwanza nilisema ni bahati yao. Mara ya pili nilinyamaza, ila nilinuna njia nzima. Mara ya tatu, nilipoiona ile transfoma yenye mbonyeo ubavuni na rangi ya kijani iliyobabuka imekaa juu ya nguzo za mtaa mwingine kabisa, nilisimama katikati ya barabara na kisanduku changu mkononi nikapiga kelele, "Kuna mtu anatuuza!" Mama mmoja aliyekuwa anafagia mlangoni kwake aliacha kufagia, akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Ngoja nieleze, maana asiyefanya kazi yetu atakubaliana na yule mama.

Mimi ni mkaguzi katika Mamlaka, ofisi ya serikali inayoisimamia Kampuni ya umeme. Kampuni inavuta nyaya, inauza umeme, inakata umeme. Sisi tunaangalia kama inachouza ndicho ilichoahidi kwenye leseni. Na kwenye leseni wametia saini wenyewe, hakuna aliyewashikia bunduki: nyumbani kwa mteja umeme hautashuka chini ya volti mia mbili na saba. Sasa nenda mitaa ya pembezoni saa kumi na mbili jioni ujionee. Taa nyekundu kama kaa la jikoni, friji inanguruma tu haigandishi, fundi wa kuchomelea amekaa anasubiri umeme upate nguvu. Wenyewe wanauita umeme mdogo. Wakilalamika, Kampuni inawajibu kwamba umeme uko sawa, nyaya za nyumba zenu ndizo mbovu. Hapo ndipo ninapoingia mimi na kisanduku. Nakifunga kwa mteja, nakipiga lakiri, nakiacha siku saba, nacho kila baada ya dakika kumi kinaandika volti. Kisanduku hakina mjomba wala shangazi. Siku ya nane nakifungua, na kilichoandikwa kimeandikwa.

Mwaka ule kazi ilikuwa na uzito wake, kwa sababu Kampuni ilikuwa imeomba kupandisha bei. Mamlaka ikasema sawa, lakini kwanza tupime mitaa kumi, bila taarifa. Hilo la bila taarifa ndiyo roho yenyewe ya ukaguzi. Ukimwambia mtu unakuja kukagua jiko lake, utakuta sufuria zote zinang'aa.

Na sisi kila tulikokwenda tulikuta sufuria zinang'aa. Udongo wa chini ya nguzo bado mbichi, vipande vya waya vimezagaa, na juu kabisa ile transfoma ya kijani. Siku saba nzima volti mia mbili na thelathini, umeme wa kumkaribishia mkwe. Tukishaondoa kisanduku, wiki haipiti wakazi wananipigia simu: mama, wameichukua. Transfoma ile ilikuwa inatembea mjini kuliko mimi.

Waliokuwa wanajua tunakwenda wapi ni watu wanne tu. Mkurugenzi, ambaye ndiye anayeidhinisha. Katibu wake, tuliyemwita Mashine kwa jinsi anavyochapa. Dereva. Na mimi. Mimi nilijiondoa kwenye orodha hapo hapo. Nani anajishuku mwenyewe?

Dereva tulimwita Mzee Breki, kwa sababu alikuwa anafunga breki hata kwa kivuli. Miaka kumi na moja alinizungusha mjini na hajawahi kugonga hata ndoo. Aliniita mwanangu, mimi namwita Mzee, na kama nimeamka vibaya alikuwa anajua kwa jinsi nilivyofunga mlango wa gari, anakaa kimya mpaka nipoe. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Miaka thelathini na mmoja ya utumishi, bila barua ya onyo hata moja.

Lakini miezi ile alikuwa amebadilika, na mimi macho ninayo. Simu yake ikiita anaiangalia, ananiangalia, halafu anashuka garini na kwenda kusimama mbali. Anaongea huku amenipa mgongo. Anacheka kichinichini. Akirudi namuuliza, "Nani huyo, Mzee?" Ananijibu, "Watu wa nyumbani tu, mwanangu." Watu gani wa nyumbani wanaopiga saa nne asubuhi, saa sita, saa nane, kila siku ya Mungu? Siku moja nilichungulia simu yake ilipokuwa juu ya dashibodi. Jina lililoandikwa pale lilikuwa "Fundi". Fundi! Nikajisemea, haya, tumefika.

Nyumbani nilimweleza dada yangu mkubwa ninayeishi naye. Dada alikuwa anapiga pasi, hata hakuinua kichwa.

"Wewe mwaka juzi ulisema muuza maziwa anatia maji."

"Alikuwa anatia!"

"Ukasema mwalimu wa kwaya anakuchukia."

"Ananichukia mpaka leo."

"Huyo mzee alikupeleka hospitali ulipovunjika mguu, akakubeba mgongoni ghorofa mbili. Muulize tu, Mzee, huyo fundi ni nani? Mdomo unao."

Nikamwambia, mtu anayevujisha siri humuulizi, unamtegea. Dada akageuza shati upande wa pili akasema kwamba siku moja nitajitegea mwenyewe. Nilikasirika nikaenda kulala bila kula.

Mtego wangu ulikuwa hivi. Safari ya nne ilikuwa Jumanne. Sikuandika barua yoyote. Mkurugenzi nilimwambia tunakwenda mtaa wa kiwanda cha matofali. Mashine nilimwambia tunakwenda nyuma ya hospitali ya zamani. Na Mzee Breki, Alhamisi tukiwa njiani kurudi ofisini, nilimwambia kama mtu anayepitisha muda, "Jumanne tuna mtaa wa maseremala, Mzee. Uangalie upepo wa matairi, barabara ya kule ni mbovu." Akasema, "Haya, mwanangu." Niliutazama uso wake mpaka tukafika getini. Haukusema kitu, na mimi nikaona huo ndio uso wa mtu mwenye la kuficha.

Ijumaa nikafanya maandalizi yangu ya kawaida. Maana kisanduku kina udhaifu mmoja: hakijui kama umeme umekatika kwa ubovu au umekatwa kwa matengenezo yaliyotangazwa. Katizo moja la namna hiyo likiangukia ndani ya siku saba, Kampuni inaikataa rekodi yote, na ina haki. Kwa hiyo kabla ya kila safari lazima nijue kama kuna katizo. Siwezi kuwaandikia barua, wataamka. Simu ya ofisi nayo siwezi, inaonyesha namba ya Mamlaka. Basi mimi napiga huduma kwa wateja kwa simu yangu ya mkononi, nabana pua, najifanya bibi fulani mwenye friji ya samaki. "Mjukuu wangu, huku kwetu kwa maseremala, wiki ijayo mtatukatia umeme? Samaki wangu wataoza." Wananijibu vizuri tu: hapana bibi, hakuna katizo. Nilikuwa najipongeza kwa ujanja ule. Dada alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu akinisikia.

Mtaa wa maseremala niliuulizia. Ile mitaa mingine miwili sikuiulizia. Ya nini? Kisanduku nilikuwa nakwenda kukifunga kwa maseremala, kwa sababu moyoni nilishajua ni nani.

Jumatatu nilikodi pikipiki nikazunguka peke yangu. Kiwanda cha matofali: hakuna kitu, nguzo zimeinama kama kawaida yake. Nyuma ya hospitali: hakuna kitu. Kwa maseremala nilisikia misumeno kabla sijafika, inakata mbao kwa sauti ya juu, sauti ya umeme ulioshiba. Nikainua macho. Ya kijani, mbonyeo ubavuni. Fundi mmoja mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi akaniambia kwa furaha, "Wameileta jana Jumapili, mama! Hata hatukuomba!"

Sitasema uongo, sikufurahi. Nilikuwa nimetaka iwe kweli, na ilipokuwa kweli nilitamani kulia. Halafu hasira ikapanda juu ya kilio, na hasira mimi naielewa zaidi.

Sikumuuliza Mzee kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, nikamweleza mtego wote, pamoja na ule uongo niliomwambia yeye mwenyewe. Alinikunjia uso kidogo kwa hilo, kisha akaniambia niandike. Niliandika kurasa mbili. Jumanne asubuhi Mzee alikuwa anafuta vioo vya gari, tayari kwa safari, matairi ameyajaza upepo kama nilivyomwagiza. Askari wa getini akamwendea na bahasha, akamwomba ufunguo. Mimi niliyaona hayo kutoka dirisha la ghorofa ya pili. Mzee alisoma barua, akaisoma tena, akainua kichwa na kuyatazama madirisha moja baada ya jingine. Nilirudi nyuma ya pazia.

Walichunguza simu yake, na hapo jahazi lake likazama kabisa. Yule "Fundi" alikuwa fundi kweli, tena wa Kampuni, anayepanda nguzo. Ni mkwe wake, mume wa binti yake wa mwisho. Kanuni zetu zinasema mtumishi mwenye ndugu Kampuni atoe taarifa kwa maandishi, na Mzee hakutoa. Eti zile simu zilikuwa za kusikiliza sauti za wajukuu, pacha waliozaliwa majuzi, binti yake hana simu, mumewe humwachia yake. Mkurugenzi aliniambia hayo akicheka kwa pua. Nami nilicheka. Wajukuu, saa nne asubuhi! Shauri likapelekwa kamati ya nidhamu, siku ikapangwa: Jumatano baada ya wiki mbili. Akitiwa hatiani anafukuzwa, na mtumishi anayefukuzwa kwa kuuza siri hapati kiinua mgongo. Miaka thelathini na mmoja inakwenda na maji.

Jumamosi kabla ya Jumatano hiyo, saa tano asubuhi, umeme ukakatika nyumbani kwetu. Dada alikuwa katikati ya kupiga pasi kitenge chake cha harusi ya jirani, na alisonya kwa nguvu mpaka paka akatoka nje. Nikachukua simu nikawapigia huduma kwa wateja. Safari hii sikubana pua, nilikuwa na hasira zangu halali.

Aliyepokea alikuwa kijana, mgeni kazini, sauti inamtetemeka kwa adabu. "Karibu, mama, nikusaidie nini?" Kabla sijamaliza kusema akanikatiza. "Samahani sana, mama. Namba yako inanitolea maandishi mekundu hapa kwenye kompyuta. Sijawahi kuyaona. Yanasema nimuulize mpigaji ni mtaa gani, halafu nimjulishe msimamizi wa zamu mara moja. Sasa... ni mtaa gani, mama?"

Nilikaa chini. Dada anasema nilikaa sakafuni, mimi nakumbuka kiti.

"Nisomee vizuri, mwanangu," nikasema. "Polepole."

Akanisomea, masikini, bila kujua anachofanya. "Mkaguzi wa Mamlaka. Akiulizia katizo la mtaa wowote, pokea kwa heshima, mwambie hakuna, mjulishe msimamizi." Nikamuuliza kama kuna mitaa iliyoandikwa. Akasema ipo, mama, minne, na tarehe zake. Akaitaja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio tulioufuata. Wa nne ulikuwa wa maseremala, Ijumaa, saa nne na dakika kumi.

"Na hayo maandishi mekundu yaliwekwa lini?"

"Mwaka juzi, mama. Mwezi wa tatu."

Nilimshukuru nikakata simu. Nilikuwa nimeandika kila kitu nyuma ya bahasha. Dada alikuwa amesimama na pasi iliyopoa mkononi.

"Mwezi wa tatu mwaka juzi kulikuwa na nini?" nikamuuliza.

Dada hakufikiri hata kidogo. "Si walitukatia umeme siku tatu? Ukampigia yule binti wa huduma kwa wateja ukamfokea, 'Unajua unaongea na nani wewe? Mimi ni mkaguzi wa Mamlaka!' Mpaka majirani walisikia."

Nilikuwa nimesahau. Haki ya nani vile, nilikuwa nimesahau kabisa. Binti yule hakusahau. Aliandika namba yangu na cheo changu, na mtu mwerevu kule Kampuni akajua cha kufanya navyo. Mimi nabana pua, najiita bibi wa samaki, na wao wananiangalia kwenye kioo cha kompyuta kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango miguu iko nje. Na mtego wangu! Niliwauliza juu ya mtaa mmoja tu, ule niliomtajia Mzee, kwa sababu nilishaamua ni Mzee. Nilimchimbia shimo, nikamsukuma, kisha nikaandika kurasa mbili kueleza kwamba ameanguka mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkurugenzi kabla Mashine hajawasha kompyuta. Nikamweleza. Alisikiliza, akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Dada yangu."

"Basi liishie kwa dada yako." Akashusha sauti. "Fikiria. Likijulikana kwamba siri zilitoka kwa mkaguzi wetu mwenyewe, kwa mdomo wake, mawakili wa Kampuni watauliza rekodi zako nyingine zina thamani gani. Miaka kumi na moja ya kazi. Mzee ana kosa lake pia, la mkwe. Amebakiza miezi saba. Nitaongea na kamati aondoke kimya kimya, labda tumtafutie chochote."

"Chochote kama nini?"

"Chochote."

Nilimtazama. Nikajiuliza anamlinda nani: ofisi, mimi, au yeye mwenyewe aliyetia saini kurasa zangu bila kuuliza swali hata moja? Na kwa nini amefunga mlango haraka vile? Kichwa changu ndivyo kilivyo, hakipumziki. Nikamwambia nitasema Jumatano. Akaniambia nikisema nisitegemee kubaki kwenye ukaguzi. Nikamwambia sawa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, maana nilipotoka Mashine alikuwa ameacha kuchapa.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano cha chini, chenye meza ndefu na feni moja ya dari. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa utumishi, miwani kwenye ncha ya pua, asiye na mchezo. Mzee Breki alikaa mwisho wa meza. Alikuwa amevaa suti. Miaka kumi na moja sijawahi kumwona na suti, na ilikuwa imempwaya mabegani, nadhani alikuwa amekonda. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri, kama anavyomwitikia kila mtu.

Nilisema yote. Nilisema simu, pua, samaki, mwezi wa tatu, maandishi mekundu. Nilisema kwa nini niliulizia mtaa mmoja na kuiacha miwili. Kuna mjumbe aliyeanza kucheka kwenye habari ya bibi wa samaki, akaona uso wa mwenyekiti akaacha. Mwenyekiti akaagiza nipige pale pale, kwa simu yangu, spika ikiwa wazi. Nikabana pua mbele yao wote, nikaulizia katizo mtaa wa kiwanda cha matofali. Sauti ya dada mmoja mpole ikajibu, "Hapana, bibi, hakuna katizo." Mjumbe mmoja na dereva wa utumishi wakatumwa kwenda kukaa kule na kuangalia, nasi tukasubiri. Saa tisa alasiri mjumbe akapiga simu: lori la Kampuni limefika, mafundi wanapima nguzo.

Basi ikawa imekwisha. Mwenyekiti akavua miwani. Alisema shtaka la kuvujisha siri limeanguka, kuhusu mkwe Mzee atapewa onyo la maandishi, na yaliyotokea leo yataandikwa kama kosa la Kampuni la kuzuia ukaguzi. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Jumamosi. Nilitaka kucheka.

Kisha akanigeukia. "Swali la mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu, kwa sababu mtarudi kufanya kazi pamoja. Mzee huyu alikuficha kwamba ana mkwe kule. Wewe umefanya naye kazi miaka yote hii. Unamwamini?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nilikuwa nalo. Lakini kabla halijatoka, kichwa changu, kichwa hiki changu, kikaanza. Ile simu inaeleza mitaa yote minne, ndiyo. Lakini jambo linaweza kuwa na sababu mbili. Mkwe yule anapanda nguzo mtaa gani? Pacha wana miezi mingapi, na safari ya kwanza ilikuwa lini? Nilianza kupiga hesabu ya tarehe. Sikutaka, wallahi sikutaka, nilijikuta niko katikati yake. Nilipoinua macho Mzee alikuwa ananitazama, na nikajua ameniona nikihesabu.

"Ndiyo," nikasema. "Namwamini."

Mwenyekiti akaandika. Akamuuliza Mzee kama ana neno.

Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Naishukuru kamati. Nina ombi moja tu. Hii miezi yangu iliyobaki naomba niimalizie kwenye gari la barua."

"Mzee, umeshinda," mwenyekiti akasema. "Gari lako linakusubiri."

"Najua, mama. Lakini umemuuliza swali jepesi, na kwenye jibu lake nimesikiliza hii feni ikizunguka. Huyu ni kama binti yangu, simchukii. Ila siwezi kuendesha gari huku mtu wa pembeni yangu ananipima. Macho yangu yatakuwa kwake, nitagonga watu."

Nilimkimbilia koridoni. Alikuwa anatembea taratibu kuelekea gereji, barua yake ameikunja mara nne mkononi.

"Mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu juzi, niliposikia unakuja kusema kweli."

"Basi rudi."

Alisimama. "Wale wajukuu, mwanangu, nilikuwa nataka kukuonyesha picha zao. Mara ngapi! Kila nikitaka, nasema akijua baba yao ni wa Kampuni, ataanza. Nikawaficha wajukuu zangu kwa ajili yako." Akatikisa kichwa. "Kwa nini hukuniuliza tu?"

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

"Ningekuambia," akasema. "Na wewe ungeniamini?"

Nilifungua mdomo. Alisubiri, nampa haki yake, alisubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akanigusa bega kidogo, kama unavyomgusa mgonjwa, akaenda zake.

Mkurugenzi alinikuta palepale. Alikuwa amebadilika kabisa, anachekelea, anasema ombi la bei limesimamishwa, kamati nzima imenisifu, na ile habari ya kuniondoa kwenye ukaguzi tuisahau. Kesho atanipangia dereva mwingine. Nilikuwa nalia, mchana kweupe, watu wanapita na mafaili yao wakinikwepa.